Sura ya 6: Kompyuta Bubu

Katika ukanda wa dhahabu, kutoka Kahama hadi Geita, muziki mwingi bado unapita mkono kwa mkono. Kijana anatoka kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, ya Nyarugusu na simu ya batani yenye memori kadi ya GB 4, anaingia kibandani Katoro, anaweka kadi mezani: "Kaka, nijazie nyimbo za Bhudagala zote, nafasi ikibaki weka za kwaya." Mwenye kibanda anaichomeka kadi kwenye kompyuta, anafungua folda, anapiga kipande cha kila wimbo kupitia sabufa iliyoelekezwa barabarani. Mteja anatikisa kichwa au anakunja uso, wanaendelea na unaofuata. Biashara yote iko hapo kwenye kusikiliza, kwa sababu nusu ya mafaili yana majina kama "Track 07", na bila sauti hata muuzaji hajui anauza nini.

Sasa kompyuta hiyo iamke siku moja bila sauti. Sabufa inawaka taa, wimbo unaonekana unakwenda, kimya. Wateja wanahamia kibanda cha pili. Hali ni ileile kwa mwenye banda umiza anayeonyesha sinema zilizotafsiriwa, kwa prodyuza mwenye chumba kimoja na maiki moja Kahama, na kwa katibu wa kwaya Shinyanga aliyerekodi mazoezi na sasa hawezi kuyasikiliza. Kwa watu hawa kadi ya sauti ndiyo mkono wa kulia.

Fundi akiitwa, dawa ya kwanza anayoitamka ni "tupige Windows upya". Sura hii nimeiandika kuipinga dawa hiyo. Kupiga Windows kunachukua nusu siku, kunaweza kufuta nyimbo zilizokusanywa kwa miaka kama ziko kwenye diski C, na mara nyingi kompyuta inaamka ikiwa bubu vilevile. Flashi ya Windows imebeba draiva za vifaa vingi, lakini haikubeba za kila kifaa. Wakati mwingine hata ya Wi-Fi inapotea, na hapo umejifungia mlango wa kwenda kuitafuta hiyo ya sauti. Kompyuta inajua namba ya kadi yake ya sauti, na iko tayari kuisema kwa anayeuliza. Kazi ya fundi ni kuiuliza.

Kabla ya kuuliza namba, hakikisha kosa ni la draiva kweli. Kuna kipimo kimoja ambacho nashangaa hakifundishwi kwanza. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika mmsys.cpl, bonyeza Enter. Linafunguka dirisha dogo la zamani linaloorodhesha spika zote ambazo kompyuta inazijua, na kila moja ina vipau vya kijani pembeni. Piga wimbo wowote, uviangalie. Vikipanda na kushuka na wewe husikii kitu, Windows inatoa sauti na kwa kawaida draiva inaipokea. Tafuta kosa mbele zaidi, kwenye waya, tundu la hedifoni, spika au sabufa yenyewe. Vikilala, au orodha ikiwa tupu, ndipo tunapoanza kuzungumza habari za draiva.

Kipimo hicho kinafichua pia ugonjwa wa mabanda umiza. Laptopu imeunganishwa kwenye TV kwa waya wa HDMI usiku wa mechi. HDMI inabeba picha na sauti pamoja, kwa hiyo Windows inaiona TV kama spika nyingine na inaweza kuipa kazi yote. Sabufa iliyochomekwa kwenye tundu la hedifoni haipati kitu. Vipau vinacheza, ila vinacheza mbele ya jina la TV, au mbele ya maneno Intel Display Audio au NVIDIA High Definition Audio. Bofya kulia kwenye jina la spika unazozitaka, chagua Set as Default Device, kazi imekwisha. Nimeona watu wakilipia kupigiwa Windows kwa jambo hili.

Halafu kuna vumbi. Barabara za machimboni zina vumbi jekundu laini kama unga wa muhogo, nalo linakaa ndani ya tundu la hedifoni. Mulika tundu hilo kwa tochi ya simu utaona ndimi ndogo za chuma kando ya ukuta wake. Moja kati ya hizo haibebi sauti. Kazi yake ni kuiambia kompyuta kwamba waya umechomekwa. Vumbi likichanganyika na jasho la mikono na kuganda hapo, ulimi unabaki umesukumwa, na laptopu inaamini umevaa hedifoni mchana na usiku, hivyo inazima spika zake za ndani. Zima mashine, toa betri kama inatoka, tumia brashi kavu ndogo au kijiti cha pamba kilichopunguzwa na kuloweshwa kidogo kwa spiriti safi, acha ikauke. Pini za nguo usiziguse. Nimeokota ncha ya pini ndani ya tundu kama hilo, imevunjikia humo, na mwenye mashine akaapa haijui.

Tuseme umeyamaliza hayo na vipau bado vimelala. Sasa ni draiva, na ili uelewe kwa nini inasumbua namna hii, historia fupi.

Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilijua kulia "pii" tu. Mwaka 1987 kampuni ya AdLib ya Kanada ilitoa kadi ya kuchomeka ndani iliyoweza kupiga muziki, na mwaka 1989 Creative ya Singapore ikatoa Sound Blaster, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ndiyo kadi ya sauti duniani. Kampuni nyingine ziliuza zao kwa kuahidi kwamba zinaiga tabia za Sound Blaster. Wakati huo kadi ilikuwa kitu cha kushika, ina jina lake ubavuni, inakuja na diski yake. Mwaka 1997 Intel ilileta mpango wa AC'97, na mwaka 2004 mpango wa High Definition Audio, na kadi ikageuka chipu ndogo ya mraba iliyogandishwa kwenye mazabodi. Sauti ikawa rahisi, na hapohapo jina likapotea machoni. Mwenye kompyuta haoni tena kadi. Anaona "Realtek", neno ambalo mafundi wetu wengi wanalitumia kama jina la sauti yenyewe.

Realtek ni kampuni ya Taiwan, ilianzishwa 1987 huko Hsinchu, nembo yake ni kaa, na kweli chipu zake zimejaa kila mahali. Lakini haiko peke yake. Dell OptiPlex 780, mojawapo ya zile kompyuta za mezani za mtumba zilizojaa kwenye shule na stesheneri zetu, ina chipu ya Analog Devices. HP EliteBook 8460p, laptopu ngumu ya mtumba inayopendwa na watu wa safari za vumbi, ina chipu ya IDT. EliteBook 840 G3 ina Conexant. Mtu anayeweka draiva ya Realtek kwenye mashine hizi kwa sababu "draiva ya sauti ni Realtek" anapoteza bando, na anaweza kuiacha mashine na mabaki yatakayomsumbua fundi anayefuata.

Machi 2019 Geita ilifunguliwa soko la madini, na waziri mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, ndiye aliyelizindua. Kwenye masoko ya namna ile dhahabu hainunuliwi kwa rangi: kipande kinawekwa chini ya mashine ya XRF na mashine inasoma ni asilimia ngapi dhahabu, ngapi fedha, ngapi shaba. Chipu ya sauti nayo isisomwe kwa sura ya kompyuta, isomwe kwa namba yake.

Namba inasomwa hivi. Bofya kulia alama ya Windows, fungua Device Manager. Tafuta kifaa cha sauti, au kifaa chenye alama ya mshangao ya njano chini ya Other devices. Bofya kulia, Properties, kisha Details, na kwenye kisanduku cha Property chagua Hardware Ids. Utaona mistari inayotisha kidogo. Huu hapa ni wa EliteBook 8460p, nimeupunguza mkia:

HDAUDIO\FUNC_01&VEN_111D&DEV_7605&SUBSYS_103C161C

Usiogope urefu wake. VEN ni mtengenezaji wa chipu, na 111D ni IDT. DEV ni toleo la chipu lenyewe. SUBSYS ni mtengenezaji wa kompyuta na modeli yake: 103C ni HP, na 161C ni mazabodi ya 8460p. Ukishika namba chache kichwani, nyingi za kazi hizi utazitambua ukiwa umesimama: 10EC ni Realtek, 14F1 ni Conexant, 11D4 ni Analog Devices, 10DE ni NVIDIA, 8086 ni Intel, ambayo ilijipa namba ya prosesa yake maarufu ya 1978. Upande wa watengenezaji wa kompyuta, 1028 ni Dell na 17AA ni Lenovo. Ukiona VEN_10DE au VEN_8086 peke yake kwenye orodha ya sauti, mara nyingi umekutana na sauti ya HDMI tu, na chipu ya spika bado imejificha.

Swali linalofuata ni wapi pa kuitafuta draiva, na hapa ndipo mafundi wengi wanapopotea. Wanakwenda kwa aliyetengeneza chipu. Nenda kwanza kwa aliyetengeneza kompyuta. Sababu ni ile SUBSYS. Chipu moja ya Realtek inaweza kukaa kwenye Dell na kwenye Lenovo, lakini kila mmoja ameiunganisha kivyake: huyu amepitisha spika kwenye mguu huu wa chipu, yule kwenye mguu ule; huyu ana swichi ya kuwasha kikuza sauti, yule hana. Maelezo hayo yako ndani ya draiva iliyotengenezwa kwa ajili ya modeli hiyo. Realtek yenyewe inaonya kwamba draiva zake za jumla zinaweza kukosa yale yaliyobadilishwa na mtengenezaji wa kompyuta, na inakushauri uende kwa mtengenezaji huyo. Dell ina herufi na namba saba chini ya mashine zinazoitwa Service Tag. Ukiziandika kwenye tovuti yake inakuletea draiva za mashine hiyohiyo iliyotoka kiwandani. HP na Lenovo wanatumia namba ya serial ya mashine, ile iliyo kwenye stika au kwenye BIOS.

Katibu wa kwaya mmoja alileta laptopu bubu, ameifunga kwenye kanga isiingie vumbi, tukasalimiana kwa Kisukuma. "Mwangaluka, fundi." "Mwangaluka, baba. Shikamoo." "Marahaba. Mashine nzima hii, nimeinunua Kahama juzi, ila haisemi." Aliyemuuzia alikuwa ameiweka Windows 10 safi na draiva ya Realtek juu yake. Device Manager ilionyesha alama ya njano na maneno Code 10, kifaa hakiwezi kuanza. Hardware Ids ikasema 111D. Tulifuta ile Realtek, tukaiacha Windows ijichagulie, na sauti ikarudi kabla mzee hajamaliza soda yake. Akaniuliza kama nimebadilisha spika.

Kilichofanya kazi pale ni draiva ya kawaida ya Microsoft iitwayo High Definition Audio Device, ambayo imekuwamo ndani ya Windows tangu Vista. Kwa sababu mpango wa Intel wa 2004 uliwekea chipu hizi lugha moja ya msingi, Windows inaweza kuzungumza na nyingi kati yake bila kujua jina la kampuni. Ukitaka kuichagua kwa mkono: Update driver, Browse my computer, Let me pick, kisha High Definition Audio Device. Ina mapungufu. Sauti inaweza kuwa ndogo kwa sababu kikuza sauti hakijawashwa, hedifoni zinaweza zisikate spika, na maiki ya mbele inaweza kulala. Lakini kwa mashine za zamani ambazo waliotengeneza chipu zake wameshaondoka kwenye biashara, ndiyo ngao ya mwisho. IDT iliachana na sauti za kompyuta. Conexant ilifilisika 2013 na mwaka 2017 ikanunuliwa na Synaptics. Mashine zao bado zinashushwa kwenye malori Kahama na hakuna anayeziandikia draiva mpya. Tangu Windows 10 ilipofikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na watu wanazisukuma mashine hizi kwenye Windows 11 kwa njia za panya, nategemea mabubu wengi zaidi mezani.

Mtengenezaji akiwa na draiva, kuna ujanja wa kujua kama ndiyo kabla ya kuiweka. Vifurushi vya siku hizi ni mamia ya megabaiti na ndani yake vimejaa mapambo. Kifungue kwa 7-Zip badala ya kukibofya. Ndani utakuta mafaili mengi yanayoishia na .inf. Hayo ni maandishi ya kawaida. Yafungue kwa Notepad, bonyeza Ctrl na F, andika DEV ya chipu yako, kwa mfano DEV_7605. Ukiipata, soma mstari mzima uone kama na SUBSYS yako imo. Ikiwemo, draiva hiyo inaijua mashine yako kwa jina. DEV ikiwemo na SUBSYS haimo, inaweza kukubali au kukataa. Vyote viwili vikikosekana, mtu yeyote asikudanganye, hata kama tovuti imeandika kwa herufi kubwa kwamba ni ya modeli yako. Ujanja huu unafanya kazi bila bando, mahali popote penye umeme, na kwa maoni yangu ndio unaomtenganisha fundi na mbahatishaji.

Wapo watakaosema haya yote ni ya nini wakati kuna vifurushi vya draiva zote, vile vya kubeba kwenye diski ya nje, unachomeka, unabofya, kinajaza kila kitu. Navijua, na najua kwa nini tulivipenda. Kabla ya mkongo wa Seacom kuzinduliwa Julai 2009, na kwa miaka kadhaa baadaye huku kwetu, kupakua draiva moja ilikuwa kazi ya usiku kucha, na diski iliyojaa draiva ilikuwa mtaji wa fundi. Snappy Driver Installer, ambayo inaonyesha namba ya kifaa na kukuacha uchague, bado naiheshimu. Lakini vile vinavyofunga macho na kuweka ishirini kwa mpigo, pamoja na kivinjari ambacho hukukiomba na antivairasi inayodai fedha, ni kama kupiga Windows upya kwa jina lingine. Kikiharibika kitu baada ya hapo, hujui ni kipi kati ya hivyo ishirini.

Kwenye kubahatisha mafundi wetu wana wenzao wakubwa. Oktoba 2018 Windows Update ilisambaza draiva ya sauti ya Intel, toleo 9.21.00.3755, kwenye kompyuta ambazo haikuwa yake, na sauti zikanyamaza. Microsoft ilikiri, na ikatoa sasisho la kuiondoa. Kwa hiyo sauti ikipotea asubuhi baada ya kompyuta kujisasisha usiku, usipakue kitu kipya. Ndani ya Properties ya kifaa, kwenye Driver, kuna kitufe cha Roll Back Driver. Kikiwa hai, kibonyeze kwanza.

Laptopu za miaka ya karibuni zina mtego wao. Unafungua Device Manager na huoni chipu ya Realtek kabisa, hata yenye alama ya njano. Unaona tu Multimedia Audio Controller yenye VEN_8086. Unaweka draiva ya Realtek na inakuambia hakuna kifaa. Sababu ni kwamba Intel ameweka mlango wake mbele, unaitwa Smart Sound Technology, na chipu ya Realtek imekaa nyuma ya mlango huo. Weka draiva ya Intel kwanza, washa upya, na Realtek itajitokeza yenyewe. Utaratibu huu haujaandikwa kwenye boksi la laptopu yoyote niliyowahi kuiona.

Tabu ya prodyuza mara nyingi si kimya, ni sauti kuchelewa. Mwimbaji anaimba kwenye maiki, anajisikia kwenye hedifoni nyuma kidogo ya pigo, anayumba, anasimama. Kompyuta hukusanya sauti kwenye mafungu kabla ya kuituma. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, fungu la sampuli 512 ni karibu milisekunde 12, ambalo sikio linalivumilia. Fungu la 2,048 ni karibu 46, na kuchelewa huko kunahesabiwa mara mbili, sauti inapoingia na inapotoka. Draiva za kawaida za Windows hazijali muda huo kwa sababu zilitengenezwa kwa ajili ya kusikiliza. Ndiyo maana Steinberg ya Hamburg, watengenezaji wa Cubase, walitoa mpango wa ASIO mwaka 1997: programu ya muziki izungumze na kadi moja kwa moja. Mwenye kadi ya nje ya USB, Focusrite kwa mfano, aweke draiva ya kampuni hiyo na aichague ndani ya programu. Wengi wanaiweka halafu wanaiacha programu kwenye sauti ya kawaida. Asiye na kadi ya nje anaweza kutumia ASIO4ALL au ile FL Studio ASIO inayokuja na FL Studio, ambazo zinakaa juu ya draiva iliyopo. Zikikaa juu ya draiva mbovu, hazitaiponya.

Jambo dogo linaloudhi kwaya kuliko kimya: kazi iliyorekodiwa kwa 44,100 na kadi ikaichezesha kwa 48,000 bila kuibadilisha. Wimbo unakwenda mbio na kila sauti inapanda karibu nusu toni moja na nusu. Walioimba besi wanajisikia kama vijana wa ipaimara. Linganisha namba hizo mbili, kwenye programu na kwenye draiva, kabla hujamlaumu mwalimu wa kwaya kwamba alitoa sauti juu.

Redio za mikoani zina la kwao, na ni la aibu zaidi. Kompyuta inayorusha matangazo inatumia kadi ileile kwa muziki na kwa milio ya Windows, kwa hiyo ujumbe ukiingia katikati ya salamu za mchana, "ting" inasikika hadi Bariadi. Dawa ni kadi mbili, moja ya kurusha na moja ya kila kitu kingine, na kila programu ielekezwe kwenye ya kwake. Kwa kukosa kadi ya pili, ingia mmsys.cpl, sehemu ya Sounds, chagua No Sounds.

Ukishaipata draiva iliyokubali, ihifadhi. Fungua Command Prompt kwa haki za msimamizi na uandike:

dism /online /export-driver /destination:D:\draiva

Folda ya draiva iwe imetengenezwa kwanza kwenye diski D. Amri hiyo inakusanya draiva zote za nje zilizowekwa kwenye mashine na kuzimwaga humo. Ukija kuipiga Windows mashine hiyo kwa sababu ya kweli, diski imekufa au vairasi, utazirudisha bila senti ya bando. Mimi naziweka kwa VEN na DEV, si kwa jina la mteja, kwa sababu mteja anauza laptopu na chipu inabaki ileile.

Na kama yote yamegoma? Chipu nayo inakufa. Radi inapiga, sabufa inachomekwa huku imewashwa, jenereta inatapika umeme mbaya, na hakuna draiva inayofufua silikoni iliyoungua. Dalili ni kwamba chipu haionekani tena kwenye Device Manager hata baada ya kuangalia BIOS kama sauti imezimwa humo. Hapo nunua kadi ndogo ya USB, ile ya plastiki yenye matundu mawili, moja la hedifoni na moja la maiki. Nyingi zina chipu ya C-Media ya Taiwan, na hazihitaji draiva ya kutafuta, kwa sababu watengenezaji wa vifaa vya USB walikubaliana lugha moja ya sauti na Windows inaijua. Chomeka, subiri kidogo, nenda mmsys.cpl uifanye iwe ya kwanza. Kwa kibanda cha nyimbo inatosha kabisa. Kwa studio haitoshi: maiki yake ni ya upande mmoja tu na ina mvumo. Ukisikia huo mvumo unapungua pale unapochomoa chaja ya laptopu, mara nyingi kosa ni la umeme usio na eathi, na wa kumwita ni fundi umeme.